Vita Vilivyofika Tengeru kwa Karatasi

Makaburi ya Wapolandi yapo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kampasi ya LITA Tengeru, kilometa kama 13 kutoka jijini Arusha ukishika barabara ya Moshi. Unaacha lami, unaingia chuoni, unapita malisho, na mbele kidogo unaukuta uzio. Ndani yake kuna makaburi karibu 150 yaliyopangwa kwa mistari. Mengi yana msalaba wa Kikatoliki, mengine wa Kiorthodoksi, na machache ni ya Wayahudi. Kando yake kuna chumba kidogo cha kumbukumbu chenye picha za zamani na maelezo mafupi. Mgeni mwenye haraka anaweza kukimaliza kabla chai yake haijapoa.

Mkoa wa Arusha una makumbusho yenye majina makubwa zaidi. Lipo Boma la Wajerumani mjini, jengo lililokamilika mwaka 1900. Yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, yaliyofunguliwa 1977. Hayo yana vibao barabarani na wanafunzi hupelekwa kwa mabasi. Hiki cha Tengeru hukifikia kwa kuelekezwa na mtu. Lakini kwa zaidi ya miaka 80 eneo hili limehifadhi habari ya Vita Vikuu vya Pili ambayo Watanzania wengi hawajaisikia, nayo ni habari ya watu walioishi kwa kusubiri barua na magazeti kutoka uwanja wa vita.

Taasisi nyingi zina siku ya kuzaliwa: waraka ulisainiwa, mgeni rasmi akaja, utepe ukakatwa. Hii ilianza kwa msiba. Wageni waliofika Tengeru mwaka 1942 walikuwa wamedhoofika kwa njaa na maradhi ya safari, haikuchukua muda wakaanza kuzikana, na shimo la kwanza ndilo lililoweka msingi.

Ili kuelewa walivyofika, ni lazima turudi nyuma kidogo. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na majuma machache baadaye Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti walizikusanya familia za mashariki ya nchi hiyo, za wakulima, watumishi wa misitu, maofisa na walimu, wakazipakia kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea Siberia, Arkhangelsk na Kazakhstan. Ujerumani ilipoigeukia Urusi Juni 1941, mambo yakapinduka. Tarehe 30 Julai serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikasaini mkataba na Moscow, Wapolandi waliokuwa kifungoni wakaachiwa, na Jenerali Władysław Anders, aliyetolewa gerezani Moscow, akapewa kazi ya kuunda jeshi.

Jeshi hilo liliweka makao makuu Buzuluk, mji wa Urusi karibu na mpaka wa Kazakhstan. Askari walilala kwenye mahema katika baridi kali na wengi hawakuwa na viatu vya maana. Hata hivyo Desemba 1941 jeshi likaanza kutoa gazeti lake, Orzeł Biały, yaani Tai Mweupe, ndege aliye kwenye nembo ya taifa lao. Mtu anaweza kushangaa: jeshi halina buti, gazeti la nini? Lakini hawa walikuwa watu waliotawanywa katika nchi kubwa kuliko zote duniani, kila mmoja akimtafuta mwenzake. Mke yuko Kazakhstan, mume ametoka gereza la Arkhangelsk, watoto wako katika kituo cha yatima Uzbekistan. Kurasa za gazeti zilikuwa mahali pa kuuliza nani amemwona nani. Aliyeongoza idara ya habari ya jeshi hilo, mchoraji na mwandishi Józef Czapski, mwanzoni alikuwa amepewa kazi ya kuwatafuta maelfu ya maofisa wenzake waliotoweka. Hakuwapata. Baadaye ilijulikana kwamba Wasovieti waliwapiga risasi katika msitu wa Katyn na kwingineko mwaka 1940.

Mwaka 1942 Anders alilitoa jeshi lake Urusi kwa meli, kuvuka Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi nchini Irani, na makumi ya maelfu ya raia wakatoka pamoja nalo. Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Wanaume walioweza kubeba silaha wakaelekea Iraki, Palestina, Misri, na mwishowe Italia. Gazeti lao likafuatana nao kila walikohamia. Wanawake, watoto na wazee, Waingereza hawakutaka wakae karibu na mapigano na visima vya mafuta, wakatafutiwa nafasi mbali. Takriban watu 18,000 waliletwa Afrika. Uganda ilipokea wengine Masindi na Koja, Rhodesia zote mbili zikapokea, na hapa Tanganyika wakagawanywa Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro na Tengeru. Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, yenye watu kama 5,000.

Picha za chumba kile zinaonyesha nyumba za duara zilizopakwa chokaa, mapaa ya nyasi yenye kichwa kirefu, safu baada ya safu, na nyuma yake Mlima Meru. Tazama mbele ya nyumba, utaona bustani za maua. Ukitazama watu, utaona jambo jingine: mwanaume mwenye nguvu zake haonekani kwa urahisi. Wapo akina mama waliofunga vitambaa kichwani, wapo watoto wa shule, wapo mapadri na wazee. Waume na kaka wako Italia na gazeti lao. Kambi nzima ilikuwa familia za askari zilizowekwa chini ya mlima ambao hakuna kati yao aliyewahi kuusikia.

Walijenga kanisa, wakafungua shule za msingi na sekondari, hospitali, karakana na shamba. Wakapanga maskauti, wakacheza michezo ya kuigiza. Na wakasoma. Nairobi kulikuwa na magazeti ya Kipolandi kwa ajili ya wakimbizi wa Afrika Mashariki, miongoni mwao gazeti la wiki la Głos Polski, na habari za kila kambi zilipita humo. Kwa mwanamke wa Tengeru mwaka 1944, gazeti na barua ya posta ya jeshi vilikuwa njia ya kujua kama bado ana mume. Mei mwaka huo Wapolandi wa Anders waliuteka mlima wa Monte Cassino, kusini ya Roma, na bendera yao ikapepea juu ya magofu ya monasteri tarehe 18. Zaidi ya 900 kati yao walikufa pale. Ushindi huo ulitangazwa dunia nzima. Ndani ya nyumba za duara huko Tengeru, habari ya ushindi ilikuja kwanza, orodha ya majina ikafuata.

Hapa ndipo ningependa chumba cha kumbukumbu kiongeze ukuta mmoja. Wakati huohuo, kutoka pande hizohizo za mlima, vijana wa Kimeru, Kiarusha na Kichaga walikuwa wamevaa kofia za King's African Rifles (KAR). Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumika katika vita vile. Walipigana na Waitaliano Ethiopia na Wafaransa wa Vichy huko Madagaska, kisha wakavushwa Bahari ya Hindi hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, na kutoka huko kwenda Burma. Safari yenyewe ilikuwa hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika salama waliingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo kuanzia Agosti mwaka ule ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, matope hadi magotini na malaria kila upande, hadi ikavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Vikosi vya Tanganyika vilikuwamo.

Nao walikuwa na magazeti yao, tena kwa Kiswahili. Kulikuwa na Askari, lililotolewa na makao makuu ya jeshi la Afrika Mashariki, na kulikuwa na Heshima, lililoandikwa kwa ajili ya vikosi vilivyokuwa Ceylon. Yalikuwa na picha, habari za vita upande wa washirika, habari za nyumbani, na mawaidha mengi: tunza fedha zako, andika barua nyumbani, mwenendo wako mbele ya wenyeji ulinde jina la kikosi. Huo ulikuwa uandishi wa propaganda, na hakuna haja ya kuuremba. Mhariri alikuwa ofisa wa Kiingereza, na habari ya mgomo au ya malalamiko ya mshahara haikuweza kupita. Pamoja na hayo, fikiria kambi ya askari msituni. Wengi hawajui kusoma. Mmoja anajua, labda aliyesoma darasa la nne katika shule ya misheni Nkoaranga, au mwalimu wa Kikosi cha Elimu cha Jeshi aliyefundishwa Jeanes School pale Kabete. Gazeti likifika, wanakusanyika, anasoma kwa sauti. Mmeru, Mkamba, Mnyamwezi na Mnandi wanasikiliza lugha moja, wanabishana juu ya habari moja. Sidhani kama maofisa waliokuwa wakilihariri walikusudia matokeo hayo, lakini ndiyo yaliyotokea.

Kwa hiyo mwaka 1944 Tengeru ilikuwa na vitu viwili vilivyofanana lakini havikukutana. Mama wa Kipolandi katika nyumba ya duara alisubiri habari za Italia. Mama wa Kimeru katika migomba yake Akheri au Poli alisubiri habari za Burma, na kama kijana wake aliandika, barua ilisomwa na mwalimu au mchungaji mbele ya watu. Yule wa kwanza alikuwa na gazeti la wiki kutoka Nairobi. Wa pili, kama kijijini yupo msomaji, alikuwa na Mambo Leo, jarida la serikali lililotoka Dar es Salaam kila mwezi tangu 1923. Serikali ya kikoloni haikupenda wanawake hawa wakaribiane sana. Wazungu maskini, wanaolima bustani zao wenyewe na kufua nguo zao kwa mikono, walikuwa tatizo kwa utawala uliojengwa juu ya dhana kwamba Mzungu ni bwana. Kanuni zikawekwa. Soko hata hivyo lilikuwepo, na penye soko watu huongea. Watoto wa kambini walijifunza Kiswahili cha kununulia ndizi.

Vita vilipokwisha, waliokuwa Tengeru hawakuwa na pa kurudi. Huko Yalta, Februari 1945, wakubwa watatu walikuwa wamekubaliana kwamba mashariki ya Poland, kwao hasa, iwe sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Julai mwaka huo Uingereza ikaitambua serikali mpya ya Warsaw na kuiacha ile ya London. Wanajeshi wa Anders walijikuta wameshinda vita na kupoteza nyumba. Orzeł Biały halikufungwa. Lilihamia London likawa gazeti la watu walio uhamishoni, na Jerzy Giedroyc, aliyesimamia majarida ya jeshi lile, akaanzisha Kultura mwaka 1947 na kuliendesha kutoka Ufaransa hadi alipofariki mwaka 2000. Kati ya vitu vyote vilivyotoka Buzuluk, magazeti ndiyo yaliyodumu kuliko jeshi lenyewe.

Tengeru ilipita mikononi mwa mashirika ya wakimbizi ya Umoja wa Mataifa, la mwisho likiwa IRO kuanzia 1947. Wenye ndugu jeshini walikwenda Uingereza, wengine Australia na Kanada, wachache wakarudi Poland. Kundi lililozua mjadala mkubwa ni la yatima. Mwaka 1949 padri Mfransisko, Łucjan Królikowski, aliondoka Tengeru na watoto karibu 150, wakapita Italia na Ujerumani, huku serikali ya Warsaw ikidai kwamba watoto wa taifa wanaibwa. Padri hakuwarudisha. Septemba mwaka ule 123 kati yao walishuka bandari ya Halifax, wakakulia Quebec chini ya Kanisa Katoliki la Montreal. Królikowski alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 100. Kwa wale watoto, kwao kwa utotoni palibaki kuwa hapa, chini ya Mlima Meru, na ndiyo maana hadi leo kuna wazee kutoka Kanada na Uingereza wanaofunga safari hadi chuo cha mifugo.

Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nyumba za duara zimekwisha. Ardhi ikawa ya elimu, na Tengeru ya leo, pamoja na vyuo vya mifugo, kilimo cha bustani na maendeleo ya jamii, kisha chuo cha Nelson Mandela kilichopokea wanafunzi wa kwanza 2011, ni mji wa wanafunzi pengine kuliko kitu kingine chochote. Wanaosoma hapo wengi hawajui kwamba kabla yao kulikuwa na sekondari ya Kipolandi.

Lipo jambo lililotokea miaka hiyohiyo ambalo haliwezi kuachwa nje ya historia ya eneo hili. Novemba 1951, wakati Wapolandi wa mwisho wanatafutiwa nchi za kwenda, serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru kama 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuwasilisha kilio cha Wameru, na kesi hiyo ikawa darasa la siasa kwa Tanganyika nzima. Umoja uleule wa Mataifa ambao shirika lake lilikuwa likiwatafutia makao wageni wa Tengeru, uliombwa na wenyeji wa Meru uwarudishie makao yao. Miongoni mwa waliotolewa Engare Nanyuki hapana shaka zilikuwemo familia zilizopeleka vijana Burma. Nasema haya bila kuwalaumu Wapolandi, ambao walikuwa wametendewa jambo lilelile Februari 1940, kwa mabehewa badala ya malori. Lakini chumba cha kumbukumbu kinachoeleza kufukuzwa kwa wale na kunyamazia kufukuzwa kwa hawa, upande wa pili wa mlima huohuo, kinaeleza nusu ya habari ya mlima.

Makaburi yamedumu kwa sababu yalikuwa na mtu. Wapolandi walipoondoka, kazi ya kufyeka, kupaka chokaa na kufungua geti ilibaki kwa wenyeji, na katika familia moja ya Tengeru imerithiwa na mtoto kutoka kwa baba. Wakati ambapo Poland ya kikomunisti haikutaka kukumbushwa habari za Anders na watu wake, na Tanzania ilikuwa na mambo yake, mtu wa Tengeru aliendelea kung'oa majani juu ya kaburi la mtu aliyezaliwa Vilnius au Lwów. Baada ya 1989 Warsaw ilianza kuwakumbuka watu wake walioko nje, msaada ukaja, makaburi yakakarabatiwa, chumba kikapata picha na maandishi. Wakimbizi wachache hawakuondoka kabisa. Wa mwisho wao alizikwa hapohapo na wenzake.

Upande wa pili haukupata mlinzi. Majina ya askari wa Afrika waliofia Burma yamechongwa Taukkyan, karibu na Yangon, mahali ambapo familia ya Poli haiwezi kwenda kirahisi. Hapa nyumbani jeshi la KAR la Tanganyika liligeuka Tanganyika Rifles mwaka 1961, likaasi Januari 1964 katika kambi ya Colito, likavunjwa, na JWTZ ikaanzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Jeshi jipya lilikuwa na sababu nzuri za kutotamba na urithi wa lile la kikoloni. Matokeo yake ni kwamba magazeti yale ya Kiswahili hayakuwa ya mtu. Mkoloni aliyeyatoa ameondoka, na taifa jipya halikuyaona kuwa lake. Utafiti mkubwa juu yake, wa Katrin Bromber, ulichapwa mwaka 2009 kwa Kijerumani. Yaani mjukuu wa askari wa Meru anayetaka kujua babu yake alisomewa nini Ceylon, ajifunze kwanza Kijerumani.

Chumba cha Tengeru ndicho mahali pafaapo kwa magazeti hayo, kuliko kabati lolote la Dar es Salaam. Pana ulinzi, pana wageni wanaojua thamani ya karatasi ya zamani, na pana vyuo vinne jirani ambavyo wanafunzi wake wanaweza kuyapiga picha na kuyaweka kwenye kompyuta kwa mradi wa muhula mmoja. Nafasi itabana, kweli, na wakubwa wa ubalozi na wa halmashauri watabidi wakae wakubaliane nani anamiliki nini. Hayo yanazungumzika. Lililo gumu ni kuyapata. Gazeti kuukuu kwetu huishia kufungia vitumbua, na vizazi vitatu vimepita. Lakini askari wa zamani walikuwa watu wa kutunza: kitabu cha malipo, nishani, picha ya kikosi, vyote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na pengine ukurasa uliokunjwa mara nne chini kabisa. Misiba ya wazee hao imekwisha kupita karibu yote. Wanaogawana vitu vyao sasa ni wajukuu, na mara nyingi sanduku hufunguliwa siku ya kuanua matanga, watu wakiwa na haraka ya kurudi mjini.